Abiria wa Lori la Friji

Najua nusu yenu mtacheka kabla sijamaliza. Chekeni tu. Hiki ninachowaambia sikusimuliwa na mtu, nilikishika kwa mikono hii miwili, na Halima jirani yangu, anayenisaidia kazi, yuko hai, mwulizeni kama hamniamini. Wala msisubiri niwaambie ilikuwa usiku wa manane na fisi wanalia. Ilikuwa asubuhi kweupe, jua la Garissa tayari linachoma utosi, na redio ya jirani inatangaza bei ya mbuzi.

Mimi ni mwosha maiti. Mwanamke akifa mtaani kwetu, mimi ndiye ninayemtayarisha. Baba yangu alikuwa Mpokomo wa mtoni, mama Msomali wa hapahapa mjini, kwa hiyo naelewa lugha za watu wote na udaku wao wote. Maiti sikuwahi kuwaogopa. Maiti hakopi, hasengenyi, hagombani na mtu. Nilikuwa nikisema wa kuogopwa ni walio hai. Siku hizi sisemi hivyo.

Sasa, safari za nyota mnazijua. Nani asiyezijua? Matajiri wanaondoka na vyombo vyao vya angani huko mbali, tunawaona kwenye simu wakipunga mikono. Sisi huku tuna mawakala. Wakala anakuja na kanzu nyeupe na simu mbili, anakaa hotelini na chai yake ya maziwa ya ngamia, anakwambia: kwa bei ya ngamia mmoja tu utafika kwenye nyota yenye mvua. Utachomwa sindano upande wa Lafey, kule mpakani, utalala, utapakiwa. Safari ni miaka tisini, lakini wewe utaona ni usingizi wa mchana, na hutazeeka hata unywele mmoja. Baada ya ukame uliomaliza mifugo kule kaskazini, Eldas na Tarbaj, nani angekataa mahali penye mvua? Lakini hebu fikirieni. Miaka tisini! Nani atarudi kulalamika kwamba alitapeliwa? Nilisema wazi sokoni kwamba biashara ambayo mteja wake harudi ni biashara yangu mimi, na huyu wakala ananiingilia. Watu walicheka sana siku ile.

Asubuhi ninayoisema, wachungaji walikuta lori la friji, lile la kubebea nyama, limeachwa kando ya barabara ya Modogashe. Dereva hayupo, mashine ya baridi imezimika. Ndani walikuwamo mwanamke kijana na mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi, wamelala kwenye mkeka, hawapumui. Hakuna aliyewajua. Daktari mmoja aliwapima akatikisa kichwa, polisi wakaandika yao, na Sheikh wa msikiti wetu akasema hawa ni Waislamu, wazikwe leo. Ndivyo tunavyofanya. Maiti hacheleweshwi, na kwa joto letu hata ukitaka kuchelewesha hutaweza. Wanaume wakamchukua mtoto, wakamwosha msikitini, wakamswalia, wakatangulia naye makaburini kwa sababu kaburi dogo huchimbwa upesi. Mimi nikabaki na mama yake.

Kitu cha kwanza kilichonitia wasiwasi ni kwamba hakuwa amekakamaa. Ukiinua mkono, unainuka. Halafu baridi yake! Nimeshika maiti wengi, lakini baridi ile ilipita kwenye glavu ikaniingia mifupani.

"Ni friji tu," nikamwambia Halima.

"Ni friji tu, eddo," akajibu, maana huniita shangazi kwa Kisomali, na wote wawili tulikuwa tunajidanganya.

Nikapiga bismillahi, nikaanza upande wa kulia. Maji yangu huwa ya moto kiasi, yenye majani ya mkunazi yaliyotwangwa. Wengine hutumia maji ya bomba na wala si kosa, ila mama alinifundisha kwamba maiti naye aogeshwe kama mgeni wa heshima. Nilipomwagia mara ya pili, vidole vyake vya miguu vikajikunja. Nikajiambia ni maji, maji hufanya hivyo. Nilipomwagia tena, akafungua macho.

Halima alitupa kopo akakimbilia ukutani, akawa anasoma kila dua anayoijua, na nyingine nadhani alizitunga palepale. Mimi sikukimbia. Msinisifu, miguu ilikataa. Yule mwanamke alinitazama, akatazama mabati ya paa, kisha akauliza kwa Kiswahili cha kubabaisha, "Tumefika?"

Wewe ungejibu nini?

"Wewe ni watu ya hapa?" akauliza tena. "Hii ndio ile nyota ya mfua?"

Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Sura yake ni ya Kisomali kabisa, hina yake ni ya kwetu, kwa nini anisemeshe Kiswahili? Kwa sababu kwao Eldas, kama nilivyokuja kujua, Kiswahili ni lugha ya kuongea na wageni. Alidhani mimi ni mwenyeji wa huko alikopelekwa, akanitafutia lugha ya ugenini. Niamini, katika yote ya siku ile, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikamjibu kwa Kisomali, "Walaal, dada yangu, hii ni Garissa."

Hakuniamini. Akageuza kichwa polepole, akasikiliza. Nje mbuzi walikuwa wanalia, na mtu anatukanana na punda wake. Nadhani punda ndiye aliyemthibitishia, maana uso ulimshuka. Kisha akapapasa ubavuni kwake, kulia, kushoto, akapapasa meza yote mpaka pembeni.

"Zakariya wangu yuko wapi?" akasema, safari hii kwa Kisomali. "Nilikuwa nimemkumbatia. Mmempeleka wapi?"

Nikamfunika kwa shuka, nikamwambia Halima amshike asianguke, nikatoka mbio.

Kwetu mwanamke haendi makaburini kuzika. Umri wangu wote nilikuwa sijakanyaga pale, ingawa nusu ya waliomo nimewatayarisha mimi. Siku hiyo nilikatiza katikati ya soko la mifugo na aproni ya plastiki na glavu zinazochuruzika maji, na watu wazima wakanipisha njia. Nani atamzuia mwosha maiti anayekimbia? Nilikuwa nahema na kuomba kwa pamoja: ya Rabbi, wawe wavivu leo, wawe bado wanabishana juu ya jembe.

Hawakuwa wavivu. Mtoto alikuwa ameshalazwa kwenye mwanandani na mbao zinapangwa. Adeer Bishar, mzee mchimba makaburi, aliponiona alinyoosha jembe kama anafukuza mbuzi.

"Mama, rudi! Hii si mahali ya wanawake!"

"Mtoeni! Mama yake ameamka!"

"Shaitani imeingia huyu mama," akawaambia wenzake. "Huyu mtoto nimeosha mimi mwenyewe. Hana bumzi."

Sikubishana naye. Nilishuka kaburini, nikatupa mbao nje, nikajibanza mle kando ya ile sanda ndogo. "Haya," nikasema, "endeleeni. Tuzikeni wote wawili."

Wengine walitazama pembeni kwa aibu, na sikuwalaumu, maana mwanamke mzima kukaa kaburini ni jambo la kutazama? Mwishowe Sheikh akasema, "Mtoeni. Tukichelewa, tutamwomba Mungu msamaha. Tukimzika mzima, tutamwambia nini?"

Tukamlaza chini ya kivuli cha banda, tukamfungua sanda usoni. Alikuwa mzuri jamani, na baridi kama mama yake. Bishar akaweka sikio kifuani, nafikiri ili anionyeshe ujinga wangu mbele za watu. Akakaa hivyo. Sisi tukasubiri. Mwadhini akaadhini adhuhuri, watu wakaanza kunung'unika, nami nikaanza kujiona mwendawazimu. Mara Bishar akaruka nyuma akaanguka matakoni.

"Imegonga!"

"Nini imegonga?" wakauliza wenzake.

"Moyo! Imegonga mara moja!"

Nikaweka sikio langu mahali pake. Niliinama pale mpaka shingo ikafa ganzi, karibu na alasiri, ndipo nami nikausikia. Ulikuwa taratibu, kama hodi ya mtu asiye na haraka. Nililia, na sioni aibu kusema.

Mtadhani basi tulimwogesha maji ya moto akaamka, tukachinja mbuzi. Tulimwogesha. Hakuamka. Mama yake, anaitwa Deqa, ndiye aliyetueleza akiwa amejikunyata kwangu na mablanketi matatu. Zamu yao ilipofika, chupa ya dawa ya wakala ilikuwa inaisha. Akamchoma mtoto kwanza, sindano kamili, ya miaka tisini yote. Yeye akapewa mabaki, na wakala akamwambia yatatosha. Hayakutosha. Unyonge ule wa mabaki ndio uliomwamsha mezani kwangu, na ukamilifu wa ile sindano nyingine ndio uliomwacha mwanawe huko aliko. Tumempeleka kwa madaktari, mpaka Nairobi. Wanasema yu hai, na wanasema akiamshwa kwa nguvu moyo utapasuka. Asiguswe. Asubiriwe.

Tangu hapo miaka imepita. Deqa anauza chai karibu na stendi ya mabasi, na mvi zimeanza kumtoka mbele. Zakariya yuko kwenye chumba changu cha ndani, bado wa miaka mitatu, hata kucha hazijakua. Jioni mama yake huketi naye akimsimulia mbuzi gani amezaa na nani ameoa. Mwaka jana wakala alirudi mjini na jina jipya, na Deqa akaja kwangu. "Habaryar, mama yangu mdogo, nimwambie anilaze tena? Nikikaa macho nitakufa kabla hajaamka. Atafungua macho atafute mama, amkose."

Nikamwambia, "Ukilala nawe, nani atakaa mlangoni?"

Alilia mpaka asubuhi. Kisha akaenda kuwasha jiko lake la chai, na hajauliza tena. Ameamua kuzeeka ili mwanawe asizikwe. Mimi sijui mapenzi makubwa kuliko hayo, na yananitisha.

Adeer Bishar hachimbi tena. Pitia makaburini wakati wa magharibi utamkuta amelala kifudifudi, sikio kwenye udongo, anasikiliza kaburi hili na lile. Watu wanasema amechanganyikiwa. Mimi simcheki. Kuna niliowaosha kabla ya Deqa, waliookotwa njiani, waliokuwa baridi na laini, nikasema ni bahati ya mtu mwema kufa bila kukakamaa. Sitaki kuimaliza habari hiyo.

Basi sikieni. Wakala akikuonyesha nyota ya bei rahisi, mkimbie. Ukiletewa maiti baridi asiyekakamaa, mwache, mwekee sikio, na yeyote akikuharakisha mgombeze hata kama ni mimi. Mwosha huoshwa, nami zamu yangu haiko mbali. Deqa naye atazeeka, atakufa, na nyumba itaingia watu wasiotujua. Watafungua chumba cha ndani wamkute mtoto mdogo, baridi, hapumui, na kwa roho zao nzuri watatafuta sanda. Ndiyo maana namsimulia kila anayekubali kuketi, na wewe ukamsimulie mwanao, na mwanao amsimulie wake. Anaitwa Zakariya. Yu hai. Msimzike.