Nilivyoficha Kupona kwa Miguu

Mwaka wa kwanza wa ualimu wangu, katikati ya miaka ya hamsini, nilipangiwa shule ya misheni ya wasichana kwenye vilima vya juu ya Ilomba, Mbeya. Mimi ni mzaliwa wa Iringa. Nyumbani tulikuwa watu kumi na mmoja, na mtoto aliyelala peke yake kitandani alikuwa yule mwenye surua. Huko nilipewa nyumba ya matofali yenye chumba na sebule, nikakabidhiwa ufunguo, basi. Walimu wengine walikuwa wanaume wenye wake zao, na ikifika jioni kila mlango ulifungwa kwa sababu ya baridi. Watu wa pale walisema Kisafwa. Kihehe changu hakikunifikisha popote.

Kupika kwa ajili ya mtu mmoja kulinishinda. Nilinunua mchele mweupe uliotoka Rujewa, nikawa napika asubuhi wali wa kutwa nzima na kuuteremsha kwa chai ya rangi. Maharage yalihitaji kukaa motoni muda mrefu, na sikuona nayachemsha kwa ajili ya nani.

Baada ya miezi kadhaa miguu ilianza kuwaka. Kwanza vidole viliingia ganzi. Kisha nyayo zikawa zinachoma kama nimekanyaga majivu ya moto, na nikijifunika, shuka lenyewe lilikuwa adui. Darasani nilivua viatu nikafundisha nimesimama juu ya saruji, maana ubaridi wake ulinipa nafuu kidogo. Wasichana walijifanya hawaoni.

Nilimwandikia kaka yangu amwulize mama. Jibu lilikuja kwamba nichemshe majani ya mkaratusi, nitie chumvi ya kutosha, niloweke miguu. Nililoweka. Kwa ile ganzi sikusikia moto wa maji, na nilipoitoa miguu, ngozi ya kisigino kimoja ilikuwa imebabuka.

Kesho yake nilikuwa nachechemea kwenda kuchota maji, nikapita kando ya shamba la njegere lililokuwa chini ya shule. Bibi mmoja alikuwa anapalilia. Nilimfahamu kwa sura tu: mjane, mwanawe wa pekee alikuwa amekwenda kufanya kazi migodini Afrika Kusini. Aliweka jembe chini, akaniangalia kisigino.

"Nani amekuchoma?"

"Nimejichoma mwenyewe, bibi. Miguu inaniwaka, nikaiweka kwenye maji ya dawa."

"Maji hii ulipima na nini?"

Akakunja mkono, akanionyesha kiwiko chake. "Na hii. Mguu yako imelala, haiwezi kukuambia kitu."

Siku hiyohiyo alasiri alipanda kilima akaja kwangu na kichupa cha mafuta ya nyonyo. Aliyapasha kidogo karibu na makaa, akayajaribu kwa kiwiko, akaketi mkekani na kuupakata mguu wangu. Kisigino chenye kidonda hakukigusa. Alianza kwenye kifundo, akashuka polepole hadi kwenye vidole, kimoja baada ya kingine, kwa dole gumba lililokuwa gumu kama gome. Mwanzoni niliuma meno. Halafu nikaona machozi yananitoka, na hayakuwa ya maumivu. Nilikuwa nimekaa pale karibu mwaka mzima, na zaidi ya kupeana mikono kanisani hakuna mtu aliyekuwa amenigusa.

Akawa anakuja kila alasiri baada ya kazi ya shamba. Hatukuwa na maneno mengi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na mimi Kisafwa sikukijua. Lakini alinitajia majina ya vitu, moto, maji, mguu, nami nikayarudia mpaka akacheka.

Yeye ndiye aliyenisukuma niende zahanati. Dresa, yaani mganga msaidizi wa pale, alinichoma nyayo kidogo kwa pini, akauliza naisikia wapi na wapi siisikii. Kisha akauliza nakula nini.

"Wali na chai."

"Na mboga?"

"Mara chache."

"Nani anakupikia?"

"Nakaa peke yangu."

Alinipa vidonge, akaniambia nile maharage, karanga, mboga za majani na uji wa ulezi, kila siku, niwe na hamu au nisiwe nayo. Nilitii. Moto ulipungua taratibu. Baada ya miezi michache nilivaa viatu kutoka asubuhi hadi jioni nikasahau kwamba nina miguu.

Bibi alipokuja siku ile akauliza, kama kawaida, "Bado inawaka?"

Nikasema, "Bado, bibi."

Nilisema hivyo siku iliyofuata, na wiki iliyofuata. Kabla hajafika nilivua viatu na kuvisukuma chini ya kitanda. Nilijua ninafanya nini. Nilikuwa nahesabu vipindi vya shule ili nifike kwenye saa yake, na sikujua njia nyingine ya kumwita mtu nyumbani kwangu.

Masika yakaingia. Alasiri moja mvua ilinyesha sana nikajua hatakuja, lakini alikuja, gauni limelowa hadi magotini. Alipoketi alifungua matambara aliyokuwa amefunga miguuni, na kwa mara ya kwanza nikaiona miguu yake. Ilikuwa na magaga yaliyopasuka mpaka yanatoa damu, na matope yameingia ndani ya nyufa. Akanyoosha mkono aupokee mguu wangu.

"Bibi," nikasema, "miguu yangu imepona. Imepona zamani."

Mkono ulibaki pale ulipo. "Toka lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Mimi nimeacha njegere ndani ya mvua," akasema. "Nimepanda hapa kila siku. Kwa nini?"

Nilitaka kusema neno upweke, lakini nikaona haya. Nilisema, "Nilitaka uje." Akafunga matambara yake, akachukua kichupa, akashuka.

Wiki tatu hakuja. Jumamosi moja nilijikaza, nikachukua sufuria ya maharage niliyoyachemsha mwenyewe, nikateremka kwake. Alikuwa mlangoni anamenya njegere. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Niliketi, nikachota njegere, nikamenya. Kikapu kilipokwisha aliinuka, akaleta mabakuli mawili.

Mambo ya miguu hatukuyasema tena. Nilimwomba mara moja nimpake mafuta kwenye magaga, akakataa kwa kutikisa kichwa. Lakini kila Jumamosi nilikwenda, mpaka nilipohamishiwa Iringa. Nilipokwenda kumuaga aliuliza ni mbali kiasi gani. Nikamwambia ni safari ya siku nzima kwa basi. Akasema, "Mbali," akaendelea kupalilia.

Kutoka Iringa nilimtumia kitenge, na barua ambayo katekista angemsomea. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa mtu mwingine: kitenge amekipata, njegere zimeungua kwa barafu, mwanawe hajarudi, anauliza kama huku kuna baridi. Niliandika kwamba ipo, lakini si kama ya kwake. Barua ile haikujibiwa, wala iliyofuata, wala niliyomwandikia katekista, na sikumjua mtu mwingine wa karibu naye wa kumwuliza.