Lango Ambalo Halikuwa Kwenye Mchoro

Nakumbuka asubuhi moja ya mwanzo wa kiangazi, miaka ya tisini, nimesimama nje ya kambi ya jeshi pembeni mwa mji wa Shinyanga, nahesabu nguzo za zege kwa mara ya pili. Mara ya kwanza zilikuwa zimetimia. Lakini mwanangu, mimi hata vidole vyangu navihesabu nikishapeana mkono na mtu wa zabuni.

Serikali ilikuwa imetoa kandarasi ya ulinzi wa kambi nzima kwa mkupuo mmoja: uzio, taa, ving'ora na chumba cha kuviongoza, vyote vimeunganishwa, ukigusa waya huku, mlio unatokea kule. Mkandarasi mwenyewe alitoka Dar es Salaam. Mimi, kijana wa mtaa wa Kambarage niliyejiona mjanja, nilipewa kipande cha kuleta nguzo na vibarua. Na kwa kuwa Kisukuma nakijua, nikaongezewa kazi isiyo na malipo: kuongea na wenyeji.

Mwenyeji wa kwanza kuja alikuwa Mzee Masanja, mfugaji. Ng'ombe wake walizoea kukatiza eneo la kambi kwenda kunywa kwenye lambo upande wa pili, na askari walikuwa wakimpungia mkono tu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Huu waya wenu unaishia wapi?"

"Hauishii, babu. Unazunguka."

"Na sisi tutakunywa wapi? Nikiuzunguka napita kwenye pamba za watu. Hiyo ni kesi."

Nilikuwa nimeshaligusia jambo hilo kwa fomeni wa mkandarasi, naye akanijibu huku anatafuna muwa kwamba lango dogo si tatizo, ataongea na wakubwa. Kwangu hiyo ilitosha. Nikamwambia mzee lango litawekwa.

Akaniangalia sana. "Mkwe wangu wa Ushirombo anataka niwapeleke ng'ombe kwake sasa, wakiwa bado na nguvu za kutembea. Nikae au niende?"

"Kaa, babu."

Maneno mawili, mwanangu. Nimeuza vitu vingi maishani, hakuna nilichokitoa kwa urahisi kama hayo.

Nilipomfuata mhandisi, alicheka bila ubaya. "Bwana mdogo, unajua lango ni nini? Waya unakatwa, king'ora chake, taa yake, askari wake. Huo ni mchoro mpya. Mchoro mpya unarudi wizarani. Wizarani kuna kiti, kwenye kiti kuna koti, mwenye koti ametoka."

Afande wa kupokea kazi naye akasema anapokea kilichoandikwa. Mkaguzi akimuuliza tundu lile ni la nini, amjibu la ng'ombe?

Jioni nilipita dukani kwa Mzee Jivan, Mhindi aliyekuwa akiniuzia waya wa kufungia nondo. Nikamsimulia, nikitegemea anionee huruma. Hakunyanyua macho kwenye mizani yake.

"Shabani, ukiuza misumari yangu bila kuniuliza nitakuita nani?"

"Mwizi."

"Sasa lango la serikali umeuza wewe?"

"Sijauza, mzee. Nimemwahidi tu."

"Umempa bure, ndiyo mbaya zaidi. Angenunua, angerudi kudai. Nenda leo kamwambie hakuna."

Sikwenda. Nilijiambia nisubiri jibu la Dar, maana mfanyabiashara hasemi hapana wakati upande mwingine haujasema. Jibu halikuja. Kilichokuja ni waya, ukafungwa, taa zikawaka, na kiangazi kikakaza. Nilipokwenda hatimaye kumwambia mzee awapeleke Ushirombo, ng'ombe walikuwa wanainuka kwa kuvutwa mkia.

Wengine walijikokota mpaka kwenye uzio, maana waliyaona maji. Wakiuegemea, king'ora kinalia. Siku za mwanzo askari walikuja mbio. Baadaye walikuja wakitembea. Mwishowe wakazima king'ora cha upande ule. Wakaguzi walipofika kiliwashwa, kikalia vizuri, kazi ikapokelewa. Ng'ombe walikufa pale pale, chini ya taa mpya.

Mzee Masanja hakunigombeza. Ningemshukuru kama angenigombeza. Alisema tu, "Ng'wanone, mwanangu, ningejua ni wewe peke yako uliyesema, ningeondoka."

Alikwenda kwenye machimbo ya Nyarugusu, katika umri ule, kuvuta mawe ya dhahabu na vijana. Masika yalipoingia, shimo walilokuwa wakichimba, duara kama wanavyoliita, likaporomoka. Hawakumtoa. Mkewe, Mama Nkwabi, nilikwenda kumpa pole. Alinipa kiti na maji ya kunywa.

Mwanangu, utafanya kazi na serikali, na makampuni, na watu wenye mihuri. Kitu kilicho mkononi mwao usikiahidi kwa mdomo wako. Ukiulizwa na hujui, sema sijui, hata ukionekana mdogo mbele ya watu. Na ukipewa hapana, au kimya kinachofanana nayo, ipeleke siku hiyo hiyo kwa anayeisubiri, angali na miguu ya kuondokea. Sikuambii ukifanya hivyo dunia itakuwa nzuri. Lambo lingebaki ng'ambo ya waya hata hivyo. Ila mtu angekuwa hai.

Mungu akujalie ulimi mzito wa kuahidi na haraka ya kupeleka habari mbaya, na wanaokuamini wasiangamie kwa sababu walikuamini.