Sampuli ya Kulinganishia

Kazini walimwita Mama Vitone, na jina likamkaa. Kutwa nzima alishinda na vitone vya damu iliyokaukia kwenye karatasi za chujio, zilizoletwa kutoka zahanati mbalimbali, kila karatasi na namba yake, bila jina la mtu. Alitoboa kipande kidogo katikati ya kitone, akakipitisha kitobozi kwenye moto, kisha akatoboa karatasi tupu mara kadhaa ili damu ya huyu isije ikaingia kwa yule, ndipo akagusa kitone kingine. Wenzake walimtania kwamba hata nyumbani hakati kitunguu kabla ya kuchoma kisu.

"Chekeni tu," aliwajibu. "Mkichanganya nyinyi, anayerudia kazi ni mimi."

Kutoka kwenye kile kipande alivuna vinasaba vya vimelea vya malaria. Mashine ilivizidisha, kisha akatia kimeng'enya kinachokata vinasaba vya kimelea sugu tu na kuviacha vizima vya kimelea wa kawaida. Mwisho alivipitisha kwenye jeli ili vipande vijipange kwa mistari, akaiweka jeli juu ya taa ya zambarau, akainama kutazama. Mstari mmoja, dawa bado inamweza mdudu. Mistari miwili, mdudu ameshaizoea.

Mistari miwili ilianza kuonekana kwenye karatasi za zahanati moja, ile iliyo karibu na kwa mdogo wake. Mwanzoni ilikuwa michache, baadaye ikaja kwa mafungu. Akampelekea mkuu wa maabara picha za jeli. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimpongeza, hata akamvutia kiti.

"Lakini hili libaki humu ndani," alisema. "Ripoti haijapitishwa huko juu. Tukilitoa nusunusu, watu wataikimbia dawa, na wengi hawana nyingine."

Mama Vitone akaitikia. Mvua zikanyesha, mbu wakajaa, na huko juu wakubwa walikuwa bado wanasoma. Sijui walikuwa wanasoma herufi moja kwa wiki.

Ndipo alipougua kitindamimba wa mdogo wake, binti ambaye yeye mwenyewe alimpachika jina la Kiroboto kwa kuwa hakujua kukaa chini. Mama mtu akapiga simu.

"Dada, zahanati wametupa vile vidonge vya kila siku. Wewe si ndiyo kazi yako hiyo? Nimpe tu, au nimpeleke hospitali kubwa wampe dawa nyingine?"

Kwenye meza, mbele ya Mama Vitone, ilikuwapo picha ya jeli ya wiki ile. Aliitazama. Alimkumbuka mkuu na kile kiti chake.

"Mpe," alisema. "Ila hakikisha amemaliza dozi."

Homa ilishuka, wakafurahi, kisha ikarudi kwa hasira. Mama Vitone alipofika hospitali kubwa alimkuta Kiroboto ametulia kitandani, na utulivu ule ulimtia hofu kuliko homa yenyewe. Akatoa karatasi ya chujio kwenye mkoba, akamshika kidole. Alitaka kujua, na papo hapo aliogopa kujua.

"Mama mkubwa, na wewe unanichoma?"

"Mara moja tu, mwanangu."

Sindano za pale zilimkuta mtoto ameshachelewa. Walimzika kesho yake.

Karatasi ile aliipa namba kama nyingine zote, akaifanyia kazi. Mistari miwili, minene, safi kabisa. Mkuu alipoiona alipiga makofi.

"Hii ndiyo sampuli! Tuiweke iwe ya kulinganishia."

Maana yake ni kwamba kila wanapopima, huanza na sampuli wanayoijua kuwa ni sugu. Hiyo ikikataa kuonyesha mistari miwili, kazi yote ya siku inatupwa. Mama Vitone alifungua mdomo aseme ni ya nani. Lakini angesema hilo, angelazimika kusema na lile la kwenye simu. Akafunga mdomo.

Ripoti ilipitishwa hatimaye. Dawa ikabadilishwa, pakawa na semina, soda na makofi, naye akatajwa kwa sifa. Alipiga makofi pamoja na wengine. Alijichukia mpaka soda ikamshinda.

Mwishoni mwa juma mdogo wake alikuja kumtembelea, akakaa ukingoni mwa kiti bila kuvua mtandio.

"Dada, nguo zake niliwagawia watoto wa jirani. Nilikuwa na hasira, sikuacha hata moja. Ile karatasi uliyomtolea damu, ipo? Nipe tu niiweke. Sina kingine chake."

Mama Vitone alijua angeulizwa nini baada ya hapo: ilisema nini ile damu, na wewe ulijua tangu lini.

"Haipo," alisema. "Zikishapimwa huwa tunazichoma."

Mdogo wake akaitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa kumshughulikia mtoto wake.

Jumatatu alifungua friza, akatoa kichupa cha kwanza, kile cha kulinganishia, chenye vinasaba vya ile karatasi, kinachotoka kabla ya vyote. Jeli ilipowekwa kwenye taa, mistari miwili ikatokea palepale, safi kama siku ile. Mkuu aliinama juu ya bega lake.

"Unaona? Huyu hajawahi kutuangusha."

"Ni kweli, mkuu," alisema Mama Vitone, akavuta karatasi nyingine.