Maji ya Mgeni, Patsy

Zalifa alizaliwa Majunga, ng'ambo ya bahari, na mwaka 1977, Wakomoro walipouawa kule, akaletwa Moroni kwa ndege ya shirika la Sabena. Tangu siku hiyo watu wa mtaa wake wa Badjanani wakamwita Sabena, kana kwamba mama yake hakumpa jina. Akaumeza uchungu. Kifaransa chake ndicho kilichompa kazi ya kuwafasiria wazungu waliokuja kupima kama misaada yao imefaa.

Mwaka wa tatu wa utawala wa mamluki wa kizungu, ikafika zamu ya mradi wa maji wa Patsy, kijiji cha milimani juu ya mji wa Mutsamudu, katika kisiwa kingine. Huko aliishi mdogo wake, Saandia. Bomba lilikauka tangu paipu ya kuleta maji kwenye tangi ilipopasuka, na Saandia alishaharibikiwa na mimba mbili akipandisha ndoo kutoka mtoni. Sasa alikuwa na ya tatu. Zalifa alimwomba Mungu jambo moja tu: mpimaji alikute bomba kavu, fedha za kulitengeneza zitoke.

Gari la mradi likaharibika Mutsamudu. Mpimaji akaomba lifti kwa mamluki, wakampandisha yeye na Zalifa mpaka kijijini. Alikuwa mtu mpole, lakini upole si macho.

Walipofika, bomba lilikuwa linatoa maji. Tangu alfajiri wanawake walikuwa wamepandisha ndoo kulijaza tangi.

"Mficha uchi hazai, bakoko," Zalifa alimnong'oneza mzee wa kijiji, Bourhane.

"Mgeni haonyeshwi ukavu," Bourhane akajibu. "Na huyu kaletwa na wenye bunduki. Tulalamike mbele yao?"

Mpimaji akanawa mikono, akauliza kama maji yapo kila siku.

"Yapo, tunashukuru," alisema Bourhane.

Zalifa akafasiri, kisha akaongeza kwa Kifaransa kwamba si kweli. Mamluki mmoja aliyeegemea gari akainua macho. Mpimaji akatabasamu.

"Lakini Zalifa, nimeyanawa mwenyewe. Mradi umefaulu. Fedha zitakwenda kwingine."

Mpimaji na mamluki wakatangulia kuteremka kwa gari. Yeye akabaki amwone mdogo wake, moyo umemvunjika.

Saandia alikuwa amelala ndani, amejifunika shiromani yake mpaka kifuani. Ndoo mlangoni ilikuwa bado imelowa.

"Nilibeba na wenzangu," alisema. "Ningekaaje, na wageni umewaleta wewe? Wamefurahi?"

"Wamefurahi," Zalifa akajibu.

Ndipo alipoiona damu mkekani. Akatoka mbio akiliita gari lirudi, limpeleke Saandia hospitali. Lilikuwa limekwisha kata kona. Bomba waliliacha wazi, maji yanamwagika, na hakuna aliyethubutu kulifunga wageni wakiwa bado karibu.