Unga wa Mashine Mahameni

Sherehe ya mahame hufanyika baada ya mavuno, mtama ukishaingia ghalani. Ukoo wa mama yangu hutoka Newala, Masasi na vijiji vya katikati, na kukutana pale wazee walipoishi kabla ya watu kuhamishiwa vijijini. Hakuna nyumba iliyobaki. Kuna makaburi, vigae vya vyungu, na mikorosho mizee waliyoipanda mama zetu na mama zao.

Kwa miaka mingi mikorosho ile ilimezwa na vichaka na hakuna aliyeijali. Kisha wanunuzi binafsi wakaanza kufika na magari yao hadi kijijini kwetu Chilangala, na ghafla kila mti ukawa na wenyewe watatu. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyesema neno lililoninyima usingizi: "Asiyetajwa mahameni hana mti mahameni."

Jina la mama halikuwa limewahi kutajwa kwenye tambiko la wafu pale. Alifia hospitali ya misheni, mbali na kwao, akazikwa hukohuko. Baba alikuwa ametangulia. Niliacha shule darasa la sita nikashika jembe, wadogo zangu watatu nyuma yangu. Bila ile mikorosho ya mama, sikujua nani kati yao ningemtoa shule baada yangu.

Kwa hiyo nilikwenda kwa bibi, mdogo wake bibi mzaa mama, mwanamke mkubwa kuliko wote katika ukoo. Akakubali. "Lete unga, mke mwenzangu," akaniambia, maana bibi na mjukuu kwetu hutaniana hivyo. "Mama yako atatajwa."

Unga wa tambiko una masharti. Ni wa mtama wa shamba lenu. Hutwangwa kwenye kinu na binti wa marehemu, naye hasemi neno wala haonji mpaka amalize. Niliyajua masharti hayo tangu utoto. Lakini wiki ile mdogo wangu wa kike alishikwa na homa, nikashinda zahanati siku tatu. Jioni ya mwisho kabla ya sherehe nilibeba mtama wangu hadi kwenye mashine ya kusaga. Kabla yangu alikuwa amesagiwa mtu mahindi. Wangu ukatoka mweupe, laini, bado una joto. Nikajiambia kwamba unga ni unga.

Asubuhi tulikaa chini kuzunguka makaburi. Watu walikuwa wengi, na ngoma zimelazwa kando zikingoja. Mabinti walikwenda mmoja mmoja, wakamimina unga kwenye kigae, na mjomba wa kila mmoja akataja jina la marehemu. Unga uliosimama kama kichuguu ulishangiliwa, maana marehemu ameupokea. Mtani wetu, ambaye kazi yake ni kututukana bila kukasirikiwa, hakunyamaza. "Huyo marehemu wenu alikuwa mlafi! Ongezeni!" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimebana kikapu kwenye mapaja.

"Nani amebaki?" mjomba akauliza, ingawa alikuwa ananitazama.

"Mtoto wa dada yako," bibi akajibu. Akakipokea kikapu changu, akatia vidole ndani, akavisugua taratibu. Aliniinulia macho. Nikajua kwamba amejua. Lakini alikifunika kikapu kwa kitambaa, akanirudishia.

"Mimina basi," mjomba akasema.

Ningeweza kumimina. Bibi alikuwa ameniachia mlango wazi. Lakini nilifikiri: ikija kujulikana, na kijijini kila kitu hujulikana, litakuwa jina la mama lililoitwa kwa uongo, na bibi ndiye aliyeufunika.

"Mjomba," nikasema, "unga huu ni wa mashine."

Mtani akapiga makofi. "Jamani! Wafu wa ukoo huu sasa wanakunywa dizeli!" Hakuna aliyecheka.

"Mmesikia wenyewe," mjomba akasema, akipangusa mikono. "Sikusema mimi. Tumemaliza. Wapigaji, shikeni ngoma."

Wapigaji wakainuka. Bibi hakuinuka. Alinyoosha miguu yake mbele, akaweka fimbo juu ya mapaja kama mtu aliyefika kwake.

"Mama, tunaondoka," mjomba akamwambia.

"Ondokeni."

Kwetu hakuna aondokaye mahameni kabla mwanamke mkubwa hajasimama. Mjomba alijua, wote walijua. Wapigaji wakakaa tena. Bibi akanigeukia. "Wewe unangoja nini? Kinu kije kwa miguu yake?"

Nilikimbia. Nyumbani nilichota mtama, nikautia kinuni, nikatwanga. Mdogo wangu wa kike alitoka ndani kuuliza kumetokea nini, sikumjibu. Nilimwonyesha ungo tu, akanipepetea. Malengelenge yalipasuka viganjani. Jua lilikuwa limeshapita utosini, na kwa kila pigo la mchi niliwaza watu wale, njaa yao, hasira zao, bibi peke yake katikati yao.

Nilipofika hakuna aliyekuwa ameondoka. Watoto walilia njaa. Mwanamke mmoja akanong'ona kwa uchungu, "Umetuua leo, dada." Mtani alikuwa amelala chali. "Nilidhani umeolewa njiani," akasema.

Nilipiga magoti nikamimina. Unga huu ulikuwa wa chengachenga, una rangi ya udongo. Ulitiririka upande mmoja, kisha ukasimama.

Ilikuwa zamu ya mjomba. Alitazama kigae muda mrefu, taya zake zinacheza. Kaka asipotaja, hakuna mwingine wa kutaja. Mwishowe akalitaja jina la mama, haraka, kwa sauti ya mtu anayejisemea.

"Sijasikia," bibi akasema.

"Nimetaja, mama."

"Mimi ni mzee, masikio yamekwisha. Na yeye yuko mbali, kazikwa ugenini. Mwite."

Mjomba akavuta pumzi, akaliita jina la dada yake kwa sauti kuu, na mwishoni ikamkatika. Akainamisha kichwa. Kisha, bila kunitazama, akanyoosha mkono kuelekea mikorosho iliyokuwa ukingoni mwa kichaka.

"Ile ya upande huu," akasema. "Mfyeke chini yake mapema, kabla haijachanua."

Bibi akaomba mkono wangu, akasimama.