Macho ya Mama kwenye Simu za Watu

Kuna watu husengenywa na majirani. Zipora, msusi wa Kahama, alijisengenya mwenyewe. Akinunua viatu, picha mtandaoni. Akilazwa kwa malaria, picha ya dripu. Wateja wa saluni walimtania kwamba hata akipiga chafya, nchi nzima humwambia "afya". Naye alicheka, maana wafuasi walizidi kuongezeka na hakuona ubaya wowote.

Krismasi ilipofika alikwenda kumsalimia mama yake kijijini, upande wa Shinyanga. Akamkuta jikoni ameinama, anapuliza moto wa mavi makavu ya ng'ombe, maana kuni huko ni za kutafuta kwa tochi, anachemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Zipora akamrekodi. Mama akageuka na kucheka, machozi ya moshi yanamtiririka, macho mekundu kama ya kila mwanamke aliyezeekea kwenye moto ule. Zipora akaituma video hewani, na jina la kijiji akaliandika kwa mbwembwe zote.

Hapo ndipo alipokosea, na mtu aliyelelewa Usukumani hana kisingizio. Tangu utotoni alijua kwamba huku vikongwe wenye macho mekundu huitwa wachawi, na wapo waliokatwa mapanga kwa sababu hiyo tu. Alijua vizuri. Ila yule alikuwa mama yake, na macho ya mama yake hakuwahi kuyaona kuwa mekundu.

Mwanzoni maoni yalikuwa matamu. Mama mzuri, umenikumbusha michembe. Kisha mtu asiyemjua akaandika: "Macho hayo sisi tunayajua." Mwingine akadakia: "Si ndiye yule wa jirani na lambo la maji? Juzi pale amezikwa mtoto." Zipora alisoma hayo akiwa amesharudi saluni, katikati ya kichwa cha mteja. Akaacha kusuka.

Akafuta video. Akafuta na akaunti nzima. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Jioni alipigiwa simu na Martina, jirani wa mama yake, anaongea kwa sauti ya chini.

"Mdogo wangu, video ya mama iko kwenye grupu la kijiji. Vijana wanaisimamisha pale pa macho. Njoo umchukue."

"Nimeshaifuta, dada."

"Umeifuta kwako."

Kesho yake alipanda basi. Aliposhuka akamwita kijana wa bodaboda. Kabla hajasema anakwenda kwa nani, kijana akamtazama usoni, akacheka. "Wewe si mtoto wa yule bibi wa macho?" Zipora alipanda kwa kuwa hapakuwa na pikipiki nyingine, na kila kichaka walichokipita kilimtisha.

Alimkuta mama mzima, anapeta mpunga. Akamkumbatia, akalia kwa sauti.

"Mbona siku hizi watoto hawaniamkii?" mama akauliza. "Wakiniona wanakimbia. Nimewakosea nini?"

Zipora akamweleza yote. Mama akafunga nguo zake kwenye kanga. Ng'ombe akamwachia Makoye, mwanawe mkubwa.

Sasa wanaishi chumba kimoja mjini. Simu ya Zipora ni ya kupiga na kupokea tu. Mteja akiinua yake ajipige picha, Zipora hugeuza uso ukutani. Pikipiki ikipunguza mwendo nje ya mlango, hukimbilia komeo. Usimcheke, anaogopa kweli.

Mama anapikia gesi, na hospitali walimpa dawa ya matone. Juzi alisimama mbele ya kioo cha saluni, akavuta kope chini, akajikagua jicho moja baada ya jingine.

"Zipora, hebu tazama. Yamekuwa meupe! Sasa nirudishe kwangu."

Asubuhi ileile mteja alikuwa amemwonyesha Zipora kichekesho kwenye simu, bila kujua anamwonyesha nani: bibi kizee jikoni, anacheka, macho mekundu, na chini yake mtu amebandika neno "mchawi".

"Bado kidogo, mayu."

"Bado nini tena? Si macho yamepona?"

Zipora akachukua kitana, akamzungukia mama nyuma, akaanza kumchana nywele polepole. Alishindwa kumwambia kwamba kwenye simu za watu hayatapona.