Sukari Chini ya Kitanda cha Dada

Watu hudhani mgonjwa wa kansa ya titi hulilia nywele. Zangu hazikuwa za kuringia hata kidogo. Mimi nililia sukari.

Nilikuwa nikiishi Ruiru, nikishona sare za shule. Matibabu yalipoanza kunilaza, dada yangu mkubwa alikuja na pikapu ya kukodi, akaifunika cherehani yangu kwa blanketi, akatubeba sote wawili, mimi na cherehani, hadi kwake mtaa wa Landless, Thika. Hakuniuliza. Dada huyu ndiye aliyemuuguza mama yetu alipougua ugonjwa huuhuu, na tangu hapo hajawahi kumwomba mtu yeyote ushauri.

Siku ya kwanza alinipa chai. Nikaonja, nikadhani amesahau.

"Mwari wa maitu, hii chai haina sukari," nikasema. Ndivyo tuitanavyo kwa Kikuyu: binti wa mama yangu.

"Najua."

"Si ulete basi."

"Sukari ndio chakula ya kansa. Hiyo habari ilitumwa kwa group ya church, tena na video. Huyo mnyama hakuna mtu atamlisha kwa hii nyumba."

Basi sukari ikahama nyumbani. Ikafuatwa na ndizi mbivu, halafu viazi vitamu, ambavyo alivifukuza kwa sababu ya jina. Uji nikawa nakunywa mtupu, nikifumba macho. Nilinuna waziwazi, kwa sababu mimi si mtu wa kununa kimyakimya, lakini dada amezoea kuninyamazia tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni.

Taabu ilizidi akina mama wa kanisa walipoanza kuja kuniona. Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mkono mtupu. Unabeba unga, majani ya chai, mkate, na juu ya vyote unabeba sukari. Walikuja wakaimba, wakaomba, wakamkabidhi dada vikapu. Dada akashukuru kwa adabu zote, sukari akaipitisha moja kwa moja hadi chumbani kwake, kisha akawapa wageni chai ileile yangu.

Niliwatazama wakinywa. Mmoja alikoroga kikombe chake muda mrefu, akiamini sukari imetulia chini. Mwingine alitazama mlangoni akingoja iletwe. Wote walikuwa wapole mno kusema, na dada naye ni mkaidi mno kueleza. Walipotoka nikasikia mnong'ono pale getini: "Wuui, hawa watu wameisha. Hata sukari hawana!"

Juma lililofuata wakarudi, na safari hii walikuwa wengi. Kila mmoja alikuwa na sukari, na mwenyekiti wao alileta beli zima la pakiti, likibebwa na mumewe. Wakapewa chai bila sukari tena. Nyuso zao zilijaa huruma, na nikajua wiki ijayo wangechangisha. Nyumba isiyotia sukari ikawa na sukari kuliko kioski cha jirani, na mimi mgonjwa nikawa sijalamba hata chembe.

Kwa daktari, nilimshtaki dada. Daktari wetu alikuwa msichana mchangamfu wa kutoka magharibi mwa Kenya, umri wa kuwa binti yangu. Kwanza alituambia jambo baya: picha zilionyesha madoa kwenye mapafu. Ugonjwa ulikuwa umetembea. Kuna dawa ya kuuzuia, alisema, ila dawa hiyo inahitaji mwili wa kuihimili, na uzito wangu ulikuwa ukishuka. Ukishuka zaidi, dawa ingesimamishwa. Niliogopa. Na nikiogopa, mimi hukasirika.

"Muulize huyu," nikasema nikimwonyesha dada kwa kidole. "Ananinyima sukari!"

Daktari alivuta kiti akakaa karibu na dada.

"Mama, ni kweli hizi seli zinapenda sukari, hasa zikiwa bado kwa titi. Lakini ni wajanja. Zikihama ziende kwa mapafu, zinapata mazingira mengine, na zinabadilisha kile zinakula. Zingine zinatumia mafuta, zingine protini, zingine hata zile takataka seli za jirani zimetupa. Ukifunga mlango mmoja, zinatafuta mwingine. Na yeye akikosa kula, mwili wake utachukua misuli utengeneze sukari hiyohiyo. Atakayelala njaa ni dada yako, si kansa."

Nitasema ukweli: katikati ya woga ule nilizionea seli hizo fahari kidogo. Nilipohamia Ruiru nilipanga chumba kwenye ploti moja na watu wa kutoka Kisumu, na kabla mwaka kuisha nilikuwa nakula omena, vile visamaki vya ziwani, na kuuliza kama zimebaki, mimi ambaye kwetu omena zilikuwa chakula cha kuku. Seli hizo ni zangu. Zingejifunzia wapi kwingine?

Dada aliitikia kwa kichwa muda wote. Nikajua nimeshinda. Tulikuwa hatujafika hata kwenye geti la hospitali aliposimama.

"Umesikia? Kumbe zinakula mafuta pia."

"Amesema nile!"

"Amesema zinakula mafuta. Na protini."

Jioni hiyo avokado za mti wake mwenyewe zilienda kwa nguruwe wa jirani. Mayai yakafuata, halafu supu ya mifupa. Kilichobaki ni sukuma wiki ya kuchemsha na ugali wa kupimwa kwa macho, naye akikaa mbele yangu ahakikishe sijafurahia. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alijibu tu, "Kula, mwari wa maitu," akatafuna sukuma yake.

Tuliporudi kliniki, muuguzi alitutazama sote wawili tumesimama kando ya mizani, akatabasamu kwa kuchanganyikiwa. "Mgonjwa ni nani kati yenu?"

Nikacheka kwa sauti, mimi niliyefunika upara kwa kilemba. Dada hakucheka. Kisha nikapanda mizani, na kicheko kikaishia hapo. Uzito ulikuwa umeanguka. Daktari alisema kwa upole kwamba leo dripu ya dawa hatutundiki. Nirudi nikiwa nimekula.

Njia nzima nilitembea mbele ya dada. Nilipofika nyumbani nikakaa kitini na hasira zangu, na hapo nikawaona sisimizi. Walikuwa wametoka ukutani kwa mstari mmoja, wanavuka sebule, wanaingia chumbani kwa dada kama watu wanaojua wanakokwenda. Nikawafuata. Wakanipeleka mpaka chini ya kitanda, kwenye sanduku lake kubwa la harusi.

"Sasa nimekushika!" nikapiga kelele. "Mimi nakufa njaa, kumbe wewe unajifungia huku na sukari!"

Nikalivuta, nikalifungua. Pakiti zilijaa mpaka kwenye kifuniko, na zote zilikuwa zimefungwa vilevile zilivyoletwa. Beli la mwenyekiti lilikuwa bado na kamba yake. Walioonja ni sisimizi peke yao, kwenye kona moja iliyotoboka.

Nikageuka. Dada alikuwa mlangoni, gauni limemlegea mabegani, na ndipo nikaelewa swali la muuguzi. Huyu ni mtu aliyekuwa akitia sukari mpaka kijiko kisimame.

"Ningekunywa aje," akasema, "na wewe unaniangalia?"

Akakaa kitandani.

"Maitu alikuwa anataka chai tamu. Kila siku. Nilikuwa namwekea, anasema ongeza, naongeza. Hata ile siku ya mwisho niliongeza." Akapangusa uso kwa kitambaa cha kichwa. "Halafu nikaona ile video. Kumbe ni mimi nilikuwa nalisha ile kitu."

Miaka yote hiyo nilidhani dada yangu ni mkali tu. Nikakaa kando yake, sisimizi wakitupanda miguuni.

"Lakini si ulimsikia daktari?" nikasema. "Hata ungemnyima, ingekula kitu kingine. Ingeingia jikoni kwa mwili wake, ijipikie."

Dada akalitazama sanduku. Kisha akainuka, akachukua pakiti moja, akaipiga makofi kuwatoa sisimizi, akaenda jikoni. Nilimsikia akiteleka maziwa. Alirudi na vikombe viwili vya chai, akatia sukari kwenye changu kijiko baada ya kijiko, akisimama kila mara kunitazama usoni. Changu kilipotosha, alibaki ameshika kijiko juu ya kikombe chake.

"Kwa hivyo haikuwa chai yangu ilimuua maitu?"

"Haikuwa chai yako, mwari wa maitu."

Akatia.